Fimbo ya Kuchunga Nini?

Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akaigeuza chini juu, akaigeuza tena, kisha akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, fimbo hii ni ya kuchunga nini?"

Tulikuwa Olbalbal, chini ya mgunga, kwenye saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka Karatu alfajiri kumtembelea rafiki yangu anayefundisha huko. Ukishapita lango la Lodoare unazunguka ukingo wa kreta ndani ya ukungu, unateremkia Malanja, na hapo baridi inakuaga. Ukifika Olbalbal umeshavua koti na vumbi limeshaingia kwenye meno. Nyuma ya gari nilikuwa nimelaza mti mnyoofu uliopigwa msasa, mnene katikati, mwembamba kidogo kwenye ncha zote mbili. Wajapani wanauita bo. Nilikuwa na miezi mitano tangu nianze kufundishwa kuushika, na ugonjwa wa mwanagenzi wa miezi mitano unajulikana: hawezi kusafiri akauacha nyumbani.

Nikajibu kwamba si ya kuchunga, ni ya kobudo.

"Kobudo ndiyo nini?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na minane, nimemwaga wino mwekundu kwenye insha za watoto wa watu, na hapo sikuwa na neno. Nikaropoka "michezo ya silaha ya Okinawa". Mzee akasema "ehee" kwa adabu, ile "ehee" ya mtu asiyeelewa na asiyetaka kukuaibisha. Tangu siku hiyo natafuta jibu la kumpelekea.

Neno lenyewe lina vipande vitatu. Ko ni cha kale. Bu ni mambo ya vita. Do ni njia, au ndia, kama watakavyosema watu wa Lamu na Mombasa. Kipande cha katikati ndicho chenye utamu, kwa sababu alama yake ya maandishi imeunganishwa kwa alama mbili ndogo: mkuki na kusimama. Walimu wengi wa mchezo huu hupenda kueleza kwamba bu ni kuusimamisha mkuki, yaani kuzuia vita. Wataalamu wa maandishi ya Kichina wanawakatalia. Wanasema ile alama ya kusimama hapo kale ilikuwa picha ya wayo, kwa hiyo kinachoonekana pale ni mtu na mkuki wake, anatembea kwenda vitani. Mkuki wa mzee ulikuwa umechomekwa ardhini hatua tatu kutoka tulipokaa. Umesimama, maana yake mwenyewe ameketi na kuna amani; ukiwa begani mwake una safari. Huko kwao maana zote mbili ni za mkuki mmoja, inategemea umemkuta mwenyewe saa ngapi.

Nikitafsiri kipande kwa kipande ninapata "silaha za jadi". Kikamusi hakuna kosa. Jadi tumeichukua kwa Waarabu, kwao ni babu, na silaha ni yao pia. Lakini maneno huishi mahali fulani, na "silaha za jadi" huishi kwenye ukurasa wa habari za polisi. Mtanzania akiyasikia maneno hayo mawili yameongozana anajua nini kinafuata: wakulima na wafugaji wamekutana mpakani, kuna mapanga, mikuki na mishale, kuna majeruhi, mkuu wa wilaya amefika. Nikimwambia mke wangu kwamba kila Jumamosi naenda Arusha kujifunza silaha za jadi, atapiga simu kwa ndugu zangu. "Sanaa ya mapigano" imezoeleka zaidi, ila ina sauti ya bango la sinema. "Kujihami" na "kujilinda" ni maneno ya heshima, na yana historia nchini: Goju-ryu, mtindo wa karate uliozaliwa Okinawa kwa Miyagi Chojun, uliletwa Dar es Salaam miaka ya 1970 na Mmarekani Mweusi aliyejiita Nantambu Camara Bomani, na mahali alipofundishia pakaitwa Hekalu la Kujilinda. Jina zuri sana hilo. Mtu aliyeamua kutoiacha dojo, yaani mahali pa mazoezi, iitwe dojo tu, akaenda hadi kwenye hekalu, alikuwa na sikio. Ila kobudo haina shida ya neno "kujilinda". Shida yake ni kile kitu kilicho mkononi: kiitweje?

Hapo inabidi kwenda Okinawa kwenyewe. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Ryukyu, ambavyo vilikuwa ufalme wenye lugha zake na vyombo vyake vya biashara vilivyofika hadi China na Malaka, mpaka Japani ilipoufuta ufalme huo mwaka 1879. Hadithi inayosimuliwa kwa kila mwanafunzi mpya ni hii. Mfalme Sho Shin, aliyetawala kuanzia 1477 hadi 1526, alikusanya silaha za watu. Mwaka 1609 majeshi ya Satsuma yakaja kutoka Japani, yakauteka ufalme, masharti yakazidi kubana. Wakulima na wavuvi wakabaki mikono mitupu, wakaangalia walichonacho, wakakuta mundu, jembe, kasia na mpini wa jiwe la kusagia. Usiku wakajifunza kupigana navyo.

Hadithi tamu, na mimi niliinunua bila kuomba bei ipunguzwe. Wanahistoria hawaimezi nzima. Mabwana wengi ambao majina yao yamebaki kwenye mchezo huu, Sakugawa kwa mfano, walikuwa watu wa daraja la juu, wenye vyeo katika ufalme. Sai, ile ya chuma yenye meno matatu, ilikuwa ya askari waliolinda amani. Mkulima aliyechoka na shamba la miwa angepata wapi usiku wa kuzungusha fimbo? Waliouokoa mchezo katika karne ya 20 walikuwa wakusanyaji, na humo ndimo ninamowapenda: Taira Shinken, aliyezaliwa 1897 katika kisiwa cha Kume, alikwenda kwa mzee mmoja baada ya mwingine akiokota mfuatano huu wa fimbo na ule wa sai, jinsi wengine wetu tunavyookota misamiati. Matayoshi Shinpo alirithi ya baba yake na kuyafungulia milango. Bila watu kama hao, baada ya vita vya 1945 vilivyokisaga kisiwa, sijui kama ningekuwa na cha kuandika.

Nilimsimulia mzee ile hadithi ya wakulima, hivyo hivyo ilivyo tamu. Akacheka mpaka akakohoa.

"Huku kwetu," akasema, "walichokataza ni jembe."

Anasema kweli. Hifadhi ya Ngorongoro iliundwa mwaka 1959, watu na mifugo na wanyama wakae pamoja. Mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku ndani yake, mwaka 1992 kikaruhusiwa kwa muda, baadaye kikakatazwa tena. Kwa hiyo Okinawa, kwa mujibu wa hadithi, upanga ulikwenda likabaki jembe. Olbalbal jembe limekwenda ikabaki fimbo. Na sime kiunoni. Nikifikiria habari za silaha kugeuka vifaa vya kazi na vifaa vya kazi kugeuka silaha, sijui kwa nini nilihitaji kwenda Asia.

Sasa neno. Lilinijia siku chache baadaye, darasani, na lilitoka mdomoni mwa mtoto wa kidato cha kwanza aliyekuwa anasoma kwa sauti: zana za mawe.

Zana! Angalieni neno hili linavyofanya kazi bila kelele. Tunasema zana za kilimo, na tunamaanisha jembe na plau. Tunasema zana za vita, na tunamaanisha mizinga. Tunasema zana za kufundishia, na mwalimu analeta ramani na kokoto. Hakuna anayeuliza kama zana ni silaha au kifaa, kwa sababu zana haijali, inasubiri kazi. Yale mabishano yote ya Okinawa, kwamba mundu ulikuwa wa mpunga au wa shingo, Kiswahili kiliyamaliza kwa kutoyaanzisha. Na tazama Ngao ya Taifa, ile iliyo kwenye pasipoti yako: katikati yake kuna mkuki, na humo humo kuna shoka na jembe vimepishana. Aliyeichora hakuona haja ya kuvitenga.

Zana za mawe zenyewe ziko pale pale mlangoni. Mto wa msimu unaopita Korongo la Oldupai hauendi baharini. Unamwaga maji yake kwenye bonde la Olbalbal na kuishia hapo. Julai 1959, mwaka ule ule wa kuundwa kwa hifadhi, Mary Leakey aliokota huko fuvu walilolipa jina la Zinjanthropus, kutokana na Zinj, jina ambalo Waarabu wa kale waliuita mwambao wetu, ndugu wa jina la Zanzibar. Na yale mawe yaliyochongwa, ya karibu miaka milioni mbili, ambayo dunia nzima ya wasomi inayaita kwa jina la korongo hili, jina lenyewe limekosewa. Wenyeji wanasema Oldupai, ule mkonge wa porini wenye majani kama visu. Wageni wa mwanzoni mwa karne ya 20 wakasikia Olduvai, wakaandika, likaenea. Jiwe lile lilipasua mfupa wa swala, huenda lilipasua na fuvu la jirani. Kiswahili kinaliita zana na kuendelea na safari.

Basi jibu langu la kwanza kwa mzee lingekuwa: kobudo ni njia ya zana za kale. Silaha haimo kabisa. Silaha ingebana maana mlangoni, kabla mgeni hajaingia.

Naomba nipotee kidogo, kwa sababu kuna jambo limekuwa likinichekesha miezi yote hii. Maneno ya Kijapani huingia Kiswahili bila kuombwa yavue viatu. Karibu kila silabi yao inaishia na irabu, sawa na zetu, kwa hiyo judo, karate na tsunami hayakuhitaji kupigwa randa. Ila baadhi yamekuta nyumba ina wenyewe. Mundu wao unaitwa kama. Mwalimu wetu alipotangaza "wiki ijayo tutaanza kama", jamaa mmoja akasubiri amalizie sentensi. Na Olbalbal, kwenye maboma, kukama ndiyo kazi ya asubuhi ya akina mama, kabla ng'ombe hawajatoka: kama ni amri ya kukamua. Jembe lao linaitwa kuwa, na hapo sina la kuongeza, isipokuwa kwamba sijawahi kuona kitenzi kikubwa namna hiyo kikishikwa mpini. Halafu kuna kata. Kwao ni mfuatano wa mapigo uliopangwa tangu kale, unaucheza peke yako dhidi ya adui asiyeonekana. Kwetu kata ni kukata, kata ni kibuyu cha kutekea maji, kata ni ule mduara wa kitambaa chini ya mzigo kichwani, na kata ni eneo lenye diwani. Nimefanya kata katika Kata ya Olbalbal, kwa ruhusa ya watoto waliokuwa wanatazama, na diwani hakuarifiwa. Hata bo imekwishajificha kwenye mkia wa fimbo tangu zamani. Hilo ni sadfa tupu, lakini sadfa huwa inanifurahisha zaidi ya ushahidi.

Na simu yangu, kila nikiandika karate, inaniwekea Karatu.

Karate yenyewe ina kisa ambacho kila mtunga istilahi angepaswa kukijua. Zamani jina hilo liliandikwa kwa alama za "mkono wa Kichina", kwa sababu mengi ya mchezo yalitoka China. Mwaka 1936 mabwana wa karate walikutana Naha, mji mkuu wa Okinawa, wakakubaliana liandikwe kwa alama za "mkono mtupu". Matamshi hayakuguswa. Asiyejua kusoma hakujua kwamba kuna kilichobadilika. China ilitolewa ndani ya neno kwa kubadilisha alama moja, na miaka ile ya kuelekea vita nadhani si siasa ndogo. Hizi hesabu za mikono zinanikera kidogo, maana mkono mtupu ndio unaoifanya kobudo ionekane nyongeza, kitu cha pembeni. Okinawa vilifundishwa pamoja.

Kuna jingine la lugha. Majina mengi ya zana hizi si ya Kijapani cha Tokyo, ni ya Kiokinawa, ambacho wenyewe wanakiita Uchinaaguchi. Te ya Kijapani, mkono, huko ni ti. Tonfa, ule mpini wa jiwe la kusagia, ni tuifa. Kasia ni eku, wakati Kijapani kinasema kai. Shuleni, kwa miongo mingi, mtoto aliyeteleza akasema Kiokinawa alivishwa kibao shingoni, akabaki nacho mpaka amnase mwenzake akikosea. Msomaji aliyesoma Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa kibao hicho. Leo UNESCO imeiorodhesha lugha hiyo miongoni mwa zilizo hatarini, na sehemu mojawapo ambapo maneno yake bado yanatamkwa kila jioni, na watu wa kila taifa, ni humu kwenye vyumba vya mazoezi, na watu wenye jasho wasiojua kwamba wanatunza kitu.

Eku imenigusa kwa sababu ya pwani. Ni kasia la mvuvi, bapa upande mmoja, na mbinu yake mashuhuri ni kuchota mchanga kwa ubapa huo na kumrushia adui machoni. Kuna kata maarufu ya kasia inayotajwa kwa kisiwa cha Tsuken na mtu aliyeitwa Akachu, yaani mwekundu, kwa kuunguzwa na jua baharini. Nimeijaribu mara moja kwa kipande cha mbao. Nilijimwagia mchanga mwenyewe. Watu wa Pemba na Lamu wana kirumbizi, wanaume wawili wawili wanachezeana fimbo kwa sauti ya zumari, na Okinawa nako vijiji vina ngoma zao za fimbo za sikukuu. Ningetamani kuwaona siku moja uwanjani pamoja. Sitaki kusema wana asili moja, sina ushahidi. Nasema wangeelewana bila mkalimani.

Nirudi kwenye miezi mitano. Mwanagenzi wa bo hujifunza kwanza kwamba ana vifundo vya miguu. Fimbo ina urefu wa shaku sita za Kijapani, kama sentimita 182, na hapa tena Kiswahili kilikuwa na kipimo chake tayari: ni pima moja, ule urefu wa mikono iliyonyooshwa, ambao mabaharia walipimia kina cha maji. Pima moja ya mti mgumu ikizungushwa na mtu mwenye miaka arobaini na mbili hupata vitu vingi njiani. Imepata taa. Imepata kifundo changu cha kushoto mara nyingi hadi mwalimu akauliza kama nina ugomvi nacho. Ngozi kati ya kidole gumba na cha shahada ilivimba, ikapasuka, ikawa ngumu. Siri, wanasema, ni mkono mmoja ushike na mwingine uteleze, na mti uende kwa uzito wake. Maelezo bora zaidi ya umbali wa bo sikuyapata kwa Mjapani yeyote: fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilikariri methali hiyo tangu utotoni nikidhani inahusu jamaa wasaidizi. Inahusu bo.

Lakini zawadi kubwa niliyoipata ni ya neno moja. Kuzuia pigo kwao ni uke, na mwalimu alitusisitizia kwamba tafsiri ya "kuzuia" ni mbaya, kwa sababu uke inatokana na kupokea. Pigo linalokuja hulisukumi, unalipokea, unalipitisha, unalifanya lako. Wanafunzi wenzangu walihangaika nalo: unazuiaje na kupokea kwa wakati mmoja? Mimi nilikaa chini palepale, mgongo ukutani, nikacheka peke yangu. Tunalo! Kinga. Unakinga pigo kwa fimbo, na unakinga maji ya mvua kwa ndoo. Kitenzi ni kimoja. Anayekinga mvua chini ya bati hazuii mvua. Ameweka chombo mahali inapoangukia, kwa pembe sahihi, na kinachokuja kinaingia humo kwa faida yake. Olbalbal, ambako mvua ni mgeni wa kuhesabika, nimeona mama mmoja akikinga kwa sufuria, beseni na kifuniko cha dumu kwa mpigo, akivisogeza kwa mguu kila upepo ulipogeuka, na hakuna tone lililoanguka chini kati ya beseni na sufuria. Tangu nimwone, kukinga kwangu kumebadilika. Sisukumi. Nasogeza chombo.

Na majina ya fimbo zetu! Bakora ya bwana wa pwani, mkongojo wa mzee, henzirani ya mwalimu mkuu wa zamani, upondo wa msukuma mtumbwi, mpweke, gongo, ufito, rungu, na kirungu cha polisi, ambacho siku hizi katika nchi nyingi kina mkono wa pembeni uliotokana na tonfa ya Okinawa. Karatu, msimu wa maharage, utaona familia nzima imezunguka lundo, kila mtu na fimbo yake ya kupuria, wanapiga kwa zamu bila kugongana. Nimewatazama kwa wivu. Wapura maharage wana mdundo ambao mimi nalipia kila mwezi na sijaupata.

Mzee alinipa darasa lake pia. Fimbo ya kuchungia kwa Kimaa ni engudi, rungu ni orinka, na hayo mawili yana jinsia tofauti, la kwanza la kike, la pili la kiume. Kimaa huvisha nomino zake jinsia kwa kiambishi cha mwanzo, na kiambishi cha kiume mara nyingi hubeba ukubwa na ukali, cha kike udogo na unyumba. Akanionyesha sime yake: olalem. Kisha akamwita bibi mmoja aliyekuwa anakata nyama, akaelekeza kidole kwenye kisu chake: enkalem. Mzizi mmoja. Badilisha kiambishi, na upanga wa vita umeingia jikoni. Nilimwambia sisi tunacho kisu na jisu, akasema ndiyo, lakini jisu haliendi vitani. Hapo alinishinda.

Kisha akauliza nani ananifundisha, na ana umri gani.

Hili ni suala nyeti. Mwalimu wangu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na moja. Tukikutana sokoni Arusha ananiamkia shikamoo kaka, nami naitikia marahaba. Tukivuka kizingiti cha chumba cha mazoezi, mimi ndiye ninayeinama. Na jina ninalomwita, sensei, ukilipasua maana yake ni "aliyetangulia kuzaliwa". Yaani kila Jumamosi namwambia uongo kwa Kijapani. Mzee alilifikiria hilo kwa uzito wote. Kwao, akasema, jambo hili limepangwa. Rika jipya la morani halifundishwi na rika lililo juu yake moja kwa moja, maana hao ni wapinzani wake; linalelewa na rika la hatua mbili juu, na wazee hao huitwa wa olpiron. Olpiron ni ule mti wa kupekechea moto. Wao ndio wanaopekecha moto wa rika jipya, na moto huo ndio unaowapa amri juu yake.

Kwa hiyo mwalimu wangu si mtangulizi wa kuzaliwa, ni mtangulizi wa moto. Alianza kobudo akiwa na miaka kumi na minne. Mimi nilianza mwaka jana. Katika hesabu za moto ni mzee wangu wa mbali. Na neno lenyewe ni fimbo nyingine tena, ndogo, unaikalisha kati ya viganja na kuisugua mpaka moshi utoke. Sijamweleza mwalimu bado. Naogopa atataka kuitwa hivyo.

Mzee aliirudia ile bo mara ya mwisho. Akatelezesha kiganja kutoka ncha hadi ncha. "Haina shina," akasema. Fimbo yake ina shina na ina ncha, upande uliotoka ardhini na upande uliokwenda juani. Ameikata mwenyewe kwenye oloirien, mzeituni wa porini, na anajua ni upande gani. Yangu imechongwa sawa pande zote mbili ili mpigaji aweze kuigeuza. Kwake ni kama ng'ombe mwenye vichwa viwili: si kwamba haiwezekani, ila utamfungulia zizi kwa upande gani?

Akamwita layoni mmoja aliyekuwa karibu na ndama. Kijana wa miaka kumi hivi alikuja mbio, akaniinamishia kichwa, nikakigusa. Mzee akampa bo, akamwambia kitu kwa Kimaa. Mtoto aliijaribu: akamgusa ndama ubavuni, ikawa ndefu mno, ikapitiliza. Akajaribu tena kwa kuishika katikati, ikamgonga kisogoni. Nikajisikia nafuu. Mwishowe akaiweka mabegani nyuma ya shingo, akatundika mikono yake miwili juu yake, viganja vikining'inia kama nguo kwenye kamba, akasimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili umeegemea goti, akatazama ndama.

Nilikuwa sijauona mkao huo kwenye mchezo wetu, na wetu una mikao mingi yenye majina. Nikatoa daftari.

"Mwanangu, mkao huo mnauitaje?"

Akanitazama, akamtazama mzee, akanitazama tena.

"Kuchoka," akasema.